Nyumba Huijui Mpaka Ufue Humo

Dada yangu ana nyumba ya vyumba sita, na tangu aanze kupangisha hajawahi kubandika tangazo hata moja. Chumba kikiachwa asubuhi, jioni kimeshapata mtu, na mara nyingi mtu huyo huletwa na yule yule anayehama. Sifa zake zimesambaa. Watu wenye vijisenti vyao, wanaotaka kununua nyumba ndogo za kupangisha, humjia na kalamu na daftari wakitaka kufundishwa. Dada huwapa kiti, huwatazama toka juu hadi chini, kisha huwauliza swali moja tu.

"Nyumbani una nguo chafu?"

Wengi huaga hapo hapo, wakidhani uzee umempanda kichwani. Mimi sikuweza kuaga kwa sababu ni mdogo wake, na mtu hamkimbii aliyembeba mgongoni. Lakini nikiri mapema kwamba hata mimi nilimcheka. Nilimcheka miaka zaidi ya ishirini, na siku niliyoacha kucheka ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kufua ilikuwa kazi yake. Miaka thelathini kasoro miwili alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, penye mashine mbili kubwa ambazo moja ilikuwa mbovu siku zote. Shuka zilikuja kwa toroli asubuhi na kwa toroli mchana, na mashine ikigoma walifua kwa mikono. Akikushika mkono kukusalimia, unajua umesalimiwa. Mume wake alipofariki alinunua nyumba ya vyumba viwili kwa akiba waliyoiweka pamoja, na aliinunua kwa sababu ya mlango. Ulikuwa mlango wa kijani wenye kitasa cha shaba, unang'aa hasa. Jumamosi ya kwanza akafua, akamwaga maji nyuma ya nyumba, akaingia ndani kupumzika. Maji yakamfuata kwa mlango wa mbele, yakapita chini ya kile kitasa cha shaba kama mgeni aliyesahau mwavuli wake.

Alichimba mitaro miaka miwili. Wahenga walikwisha sema nyumba njema si mlango, na Dada humwambia kila mtu neno hilo kana kwamba wahenga walimtungia yeye. Alipoiuza ile nyumba alimwonyesha mnunuzi kila mtaro, maana hapendi dhambi zinazorudi. Kisha akaanza kutafuta nyingine akiwa na furushi la nguo chafu kichwani. Akiipenda nyumba humwomba mwenyewe ruhusa ya kufua pale siku nzima. Nyumba tano zilimkataa au yeye akazikataa. Ya sita iko kwenye mwinuko, unaipanda kwa ngazi kumi na nane toka barabarani, na maji yakimwagwa pale hayageuki nyuma. Ndiyo hiyo aliyoinunua ikiwa na vyumba vitatu, akaongeza kimoja kimoja hadi sita.

Ana sheria zake nyingine na zote nimezisikia mpaka masikio yameota sugu. Choo kwanza, rangi mwisho. Mpangaji akilalamika, mshukuru, maana anayelalamika anataka kukaa, na anayenyamaza ameshaanza kufunga mizigo. Na kubwa kuliko zote ni kwamba ndugu hapangishwi. Hii ilinigusa mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana ndiyo kwanza nimeanza kazi ya kunyoa nywele, nilimwomba anipangishe chumba cha mwisho.

"Nitakupa bure," alisema. "Au nisikupe kabisa. Kukupangisha, hapana."

"Kwani mimi siwezi kulipa?"

"Unaweza. Lakini mwezi utakaochelewa nitakuwa nimepoteza mpangaji na mdogo wangu kwa siku moja. Sina wadogo wengi hivyo."

Mimi nikaona nimedharauliwa. Kijana mwenye mashine yake ya kunyolea akae bure kwa dada yake, watu watasema nini? Nikaenda kupanga chumba kingine chenye bati lenye matundu, nikalala na sufuria pembeni ya mto misimu minne ya mvua. Heshima ile niliilipia kwa kikohozi.

Basi miaka ikaenda. Nilinyoa vichwa vya baba, nikanyoa vya watoto wao, nikaoa, nikapata kibanda changu chenye vioo viwili na kiti cha kuzunguka. Kiti kile ni cha mteja. Kinyozi husimama. Nilisimama miaka ishirini na mitano, kisha magoti yakaanza kulia kila nikiinama kwenye kisogo cha mtu. Daktari aliyapapasa, akaniambia nitafute kazi ya kukaa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilikuwa nimesikia la kila mtu na guu limekwisha hata hivyo.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumeweka akiba. Ilitosha nyumba moja ndogo ya kupangisha, mara moja. Nikikosea sitakuwa na magoti ya kusimama miaka mingine ishirini na mitano kuirudisha. Jambo hilo nililijua vizuri, na bado nilifanya kama mtu asiyelijua.

Dalali aliyeniletea nyumba tulimwita Sasa Hivi. Alikuwa mwembamba, anatembea kama viatu vinamuunguza, na kwake hakuna kitu cha kesho. Aliingia kibandani siku ya Alhamisi nikiwa namnyoa mtu ndevu.

"Bosi, iko nyumba. Ukiiona hutalala. Twende sasa hivi."

Tukaenda, na mteja nikamwacha na nusu ya ndevu. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne kwa mstari, rangi ya maziwa, geti jeusi lenye ncha za dhahabu. Sakafu yote marumaru. Nyuma kulikuwa na ua mdogo wa saruji, bomba, na choo ambacho nacho kilikuwa na marumaru mpaka nusu ya ukuta, nyeupe na maua ya bluu. Tangi la maji lilikuwa juu ya paa. Nilifungua bomba, maji yakaruka hadi kwenye suruali. Mwenye nyumba, bwana mmoja mpole mwenye miwani, alisimama kando akitabasamu. Nilipapasa yale maua ya bluu kwa kidole na moyo wangu ukahamia pale kabla yangu.

"Jumamosi mchana tunaandikiana," alisema Sasa Hivi. "Kuna mtu mwingine anaitaka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Jioni nikampigia Dada simu. Nilimweleza geti, nikamweleza marumaru, nikamweleza maua ya bluu. Alisikiliza yote.

"Vizuri," alisema. "Jumamosi asubuhi nitakuja kufua."

Nilijaribu. Nilimwambia kwamba mwenye nyumba atatuona washamba, kwamba mtu mwingine atainunua, nikamwambia maji nimeyaona kwa macho yangu. Akaniuliza kama mke wangu yuko karibu. Nikampa simu, nikawasikia wakicheka, na mke wangu alipokata simu alianza kuvua mapazia.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuliingia kwenye lile geti la dhahabu kama watu waliohamishwa kwa nguvu. Mtu na wifi yake walikuwa wameelewana kuliko nilivyotaka. Kulikuwa na furushi la shuka, furushi la mapazia, na mablanketi mawili ambayo nadhani hayakuwa yameona maji tangu harusi yetu. Dada alikuja na mabeseni yake mawili, brashi yake na kamba yake mwenyewe. Mke wangu alitufikisha, akatuachia mizigo, akaenda kazini kwake akicheka.

Sasa Hivi alimtazama Dada akikunja mikono ya gauni. "Mama, mchagua jembe si mkulima."

"Ni kweli, baba. Mimi si mkulima. Mimi ni mfuaji. Nipishe hapo kwenye bomba."

Mwenye nyumba alitabasamu na kuruhusu. Nadhani aliona ni mzaha wa wazee. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeinamisha kichwa, nikiomba watu wa mtaa wasije kunyolewa kwangu wiki ile.

Beseni la kwanza lilijaa haraka, na la pili. Dada alifua shuka zote akiimba kwa pua. Kisha akainuka kunyoosha mgongo, akatembea mpaka getini, akasimama akitazama chini. Aliporudi aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Lori la maji lilikuja jana au juzi?"

"Lori gani?"

"Lililoacha alama za matairi kwenye tope pale nje."

Mwenye nyumba akaanza kufuta miwani. Dada hakungoja jibu, akarudi kwenye mapazia. Beseni la tano lilipofika nusu, bomba likakohoa mara mbili, likatoa uzi mwembamba wa maji, likanyamaza; tangi lililojazwa na lori lilikuwa limekwisha. Sasa Hivi akasema ni leo tu, mtaa mzima leo hauna maji. Dada akasema sawa. Akachukua maji machafu, akayamwaga kwenye mtaro wa ua, akachuchumaa kuyatazama. Maji yalisimama kwanza, yakafikiri, halafu yakaanza kupita polepole chini ya ukuta wa nyuma kwenda kwa jirani.

Mara kichwa cha mwanamke kikatokea juu ya ukuta ule. Alikuwa mwanamke mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na alizungumza kama mtu aliyezoea kusikilizwa na watu arobaini kwa wakati mmoja. Baadaye tulijua alikuwa mwalimu, amestaafu.

"Nani anamwaga povu kwenye mboga zangu?"

"Ni mimi, mama," alisema Dada. "Nisamehe. Najaribu nyumba, mdogo wangu anataka kuinunua."

Yule mwalimu aliteremsha miwani, akanitazama kama nimechelewa darasani. "Na wamekuambia unanunua mpaka wapi?"

"Mpaka ukuta huu," nilisema.

"Ukuta huo ulijengwa nikiwa nimelazwa hospitali. Niliporudi niliukuta. Nimeandika barua tatu. Mpaka wenyewe upo hapo, chini ya beseni la huyo mama."

Dada alisogeza beseni. Kulikuwa na saruji tu, na tope, na povu. Akachukua brashi yake, akapiga magoti, akaanza kusugua pale palipovimba kidogo, na saruji nyembamba iliyopakwa juu ikaanza kubanduka kama ukoko wa uji. Alisugua kwa nguvu zile zile za shuka za hospitali. Chini yake kikatokea kichwa cha jiwe la mpaka, na alama yake ya msalaba ikiwa safi kabisa, maana sasa ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni.

Nilipima kwa macho toka jiwe lile kwenda kushoto, kisha kwenda kulia. Bomba lilikuwa upande wa pili. Nusu ya ua ilikuwa upande wa pili. Na choo chote, pamoja na maua yake ya bluu, kilikuwa kwenye kiwanja cha mwalimu.

"Hilo ni jambo dogo," alisema Sasa Hivi. "Mtaelewana tu."

"Familia nne bila choo," alisema Dada, "zitaelewana na nani?"

Nitasema ukweli ulivyo. Sikumkasirikia mwenye nyumba, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango. Sikumkasirikia hata dalali. Nilimkasirikia Dada. Mtu akikuondolea ndoto, huoni aliyekudanganya, unamwona aliyekuamsha. Nikasimama na magoti yangu yale, nikamwambia mbele ya watu kwamba tangu utotoni hajawahi kuniacha niwe na kitu kizuri, kwamba chumba alininyima na sasa nyumba nayo ananinyima.

Sasa Hivi alitazama saa yake. Mwalimu hakuondoka ukutani.

Dada akaninyooshea ncha ya blanketi lililolowa. "Shika. Tukamue."

Ukikamua blanketi watu wawili, mmoja hugeuza huku na mwingine kule, na lazima mwende sawa. Ukivuta kwa hasira mwenzako anaanguka. Ukilegeza, maji yanabaki. Nilivuta kwa hasira mara ya kwanza, Dada akayumba, nikaona jinsi alivyokuwa mwepesi. Sikuwahi kufikiri kwamba Dada anaweza kuwa mwepesi. Tukageuza tena, taratibu, maji yakamwagika miguuni mwetu, na hasira yangu nayo ikaanza kwenda na maji yale chini ya ukuta.

"Sikukunyima chumba," alisema akigeuza. "Nilikupa bure, ukakataa. Na nyumba sijakukataza. Unanunua mara moja tu, mdogo wangu. Nilitaka ununue kitu unachokiona."

Nikamsaidia kukunja.

Blanketi la pili na mapazia yote vilikuwa bado vimejaa sabuni, na bomba limekauka. Mwalimu alikohoa kule juu.

"Njooni mmalizie kwangu. Maji yapo."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya kusikitisha kwa nje. Rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande, milango ya mbao imepauka, bati lina kutu. Nilipita mlangoni nikiwaza jinsi watu wanavyoacha mali kuharibika. Dada hakutazama rangi. Aliinua uso akatazama bati dhidi ya mwanga, akakuta kutu ipo na tundu hakuna. Uani kulikuwa na kisima kikubwa cha saruji kilichokusanya maji ya paa, chenye mfuniko na kufuli. Alifua mapazia yote, akamwaga maji, na maji yakaenda moja kwa moja kwenye mtaro, yakapita mbogani, yakatoka barabarani bila kusimama kuuliza njia.

Walipokuwa wanasuuza ndipo ikajulikana kwamba mwalimu alilazwa hospitali ile ile ya Dada.

"Basi ulilalia shuka zangu," alisema Dada.

"Zilikuwa ngumu kama ubao."

"Ni mashine ile mbovu. Si mimi."

Wakacheka mpaka mwalimu akavua miwani. Alikuwa na wapangaji watatu upande mmoja wa ua, na Dada akaanza kuwaulizia wakati anaanika. Hakuuliza wanalipa kiasi gani. Alimuuliza fundi wa magari aliyekuwa amekaa mlangoni kwake, "Kitu cha mwisho kuharibika hapa ni nini, na kilitengenezwa baada ya siku ngapi?"

"Bomba. Lilikatika Jumatatu, Jumanne likapona."

"Na sasa mngetaka nini kirekebishwe?"

Wakatoka wote watatu wakamtajia orodha ndefu: mlango unaokwama, dirisha lisilofunga, choo cha zamani kilicho mbali, taa ya uani. Nilimnong'oneza Dada kwamba nyumba hii ina malalamiko mengi mno. Akanitazama kwa huruma, nikaikumbuka sheria yake ya mpangaji anayelalamika.

Mwalimu alikuwa anataka kuuza. Binti yake alimwita kila mwezi aende akakae naye, lakini hakuwa ameweka tangazo kwa kuogopa watu wa kuja kufukuza wapangaji wake na kupaka rangi. Aliniuliza mimi, si Dada, kama nitawafukuza. Nilisema hapana. Akauliza kama nitaanza na rangi. Nilitazama kwenye kamba, mapazia yetu yakipepea, nikasema nitaanza na choo.

Haikuwa sasa hivi. Ilichukua miezi minne. Dada alinipeleka ofisi ya ardhi kuhakikisha hati ni ya kweli na jina ni la mwalimu, akanipeleka tena kwa sababu mara ya kwanza mtu wa dirishani alikuwa na haraka, na Dada haamini jibu la mtu mwenye haraka. Tukaleta mpimaji, akatafuta mawe yote manne. Tukaandikiana mbele ya wakili na mashahidi. Kila mpangaji tukampa mkataba mpya wa maandishi, wenye kodi ile ile aliyokuwa akilipa. Mimi nilitaka kuipandisha kidogo. Dada akasema kwanza nitengeneze kitu ndipo niombe kitu. Na kila kodi iliyoingia alinifanya nitenge sehemu ya matengenezo kabla sijanunua hata sabuni ya nyumbani, maana bati halingoji uwe nayo ndipo livuje.

Mpimaji alipoanza kuzungusha kamba yake, yule bwana mwenye miwani akaona hana njia. Mnunuzi yeyote sasa angeuliza habari ya jiwe. Alijenga choo kingine upande wake kwa wiki mbili na kuusogeza ukuta mpaka mahali pake. Kwa hiyo choo cha marumaru na maua ya bluu nilikipata, na sikukilipia zaidi ya sabuni. Wapangaji wangu wana choo kizuri kuliko sebule ya dalali. Sasa Hivi mwenyewe alipita kukiona, akasema hata yeye alijua mambo yataishia hivyo.

Kibanda cha kunyolea nilikipangisha kwa kijana mwenye magoti mapya. Mimi na mke wangu tulihamia kwenye vyumba viwili vya mwalimu mbele, nikaanza kazi yangu ya kukaa. Si kukaa kweli. Mvua ya kwanza ya kila msimu nazunguka ua mzima na mwavuli nikitazama maji yanakoelekea, na mke wangu hudai nimegeuka Dada, nimebakiza gauni tu.

Imepita miaka sita. Dada ameshafika umri ambao ngazi kumi na nane zinakuwa safari. Alizichagua kwa sababu ya maji, na maji hajayalaumu, lakini siku hizi hupumzika kwenye ya saba na tena kwenye ya kumi na tatu. Nilimwambia mara nyingi aje akae kwetu, huku ni tambarare. Alinipungia mkono kama anafukuza inzi. Kwa nyumba za wengine alikuwa amekataa tano, na kuhusu yangu hakuwahi kusema lolote toka siku niliyokabidhiwa funguo. Sikumuuliza. Niliogopa atajibu.

Mwezi uliopita fundi wa magari alimaliza kujenga kwake, akahama siku ya Ijumaa. Jumamosi saa mbili asubuhi geti likagongwa. Alikuwa Dada, furushi kichwani na mabeseni mkononi.

"Nasikia una chumba."

"Nani kakuambia?"

"Anayehama. Maji yako wapi?"

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama siku ile. Sikuwahi kuogopa hivyo hata mbele ya wakili. Alifua polepole, akipumzika katikati, na hakutaka nimsaidie. Alijaza beseni la tano, bomba halikukohoa. Alimwaga maji, akachuchumaa kwa shida, akayatazama mpaka yakatoka barabarani. Kisha akamgeukia mama wa chumba cha pili aliyekuwa anapepeta mchele.

"Mwanangu, kitu cha mwisho kuharibika hapa ni nini?"

"Komeo la mlango wangu."

"Baada ya siku ngapi?"

Yule mama alinitazama akasikitika kwa ajili yangu. "Siku tatu, Bibi."

Dada alinigeukia. "Siku tatu," alisema. Nikaeleza kwamba fundi seremala alikuwa na msiba. Akasema maseremala wako wawili. Akaanika shuka, moja moja, zikakaribia kugusa sakafu.

"Kamba yako iko chini."

"Nitaipandisha."

"Kodi ya chumba kiasi gani?"

Jibu hilo nilikuwa nimelitunza miaka thelathini bila kujua. "Ndugu hapangishwi, Dada. Nitakupa bure au nisikupe."

Mikono yake ilikuwa bado imelowa, na nilimwona akiwaza yale niliyoyawaza mimi nikiwa kijana na mashine yangu ya kunyolea, kwamba watu watasema nini. Nilijua kiburi kile kwa sababu ni cha ukoo. Nikapata hofu kwamba atabeba furushi lake aondoke, arudi kwenye ngazi zake kumi na nane, na mimi sitakuwa na la kumfanya.

Aliinama akamwaga maji ya mwisho, akapachika beseni moja ndani ya jingine, akajifuta mikono kwenye gauni. Akaanza kutembea kuelekea getini na mabeseni yake tu.

"Dada," nikamwita. "Na nguo?"

"Ziache zikauke," alisema bila kugeuka. "Kesho nakuja na kitanda."

Nilichukua nyundo na msumari, nikaipandisha ile kamba kabla hajavuka barabara.